Kiitikio Kwanza, Jini Baadaye

Miswada ya fantasia ya waandishi vijana ina tabia moja: ramani huwa nzuri kuliko sura ya kwanza. Nchi saba zimechorwa, mito imepewa majina, uchawi umegawanywa madaraja, na mrithi wa kiti cha enzi amefichwa kijijini akichunga mbuzi. Kisha mtu wa kwanza anafungua kinywa kusema, na hadithi inalala fofofo. Ukimuuliza mwandishi amejifunzia wapi, atakutajia filamu, michezo ya kompyuta na vitabu vinene vya Kiingereza. Ukimuuliza alisimuliwa nini kabla hajajua kusoma, au ni wimbo gani aliokuwa akiuimba kutwa mpaka wakubwa wakamfukuza uani, anacheka kwa haya na kubadilisha mazungumzo.

Nawaandikia hao, pamoja na wazazi wenye mtoto anayezungumza peke yake chini ya meza. Sina ugomvi na majoka ya Ulaya wala sihubiri uzalendo. Sababu yangu ni ya ufundi mtupu. Msomaji wa riwaya ya kawaida huamini anachosoma kwa kuwa anaijua daladala, anajua bei ya unga, anamjua mwenye nyumba mkorofi. Msomaji wa fantasia hana cha kushika. Unamwambia kwamba paka amekula nusu ya mji, naye inampasa akubali. Anachoweza kushika ni mapigo. Jambo linatokea, linarudi, linarudi tena kwa namna ile ile, na akishaizoea namna hiyo atakubali chochote utakachopandisha juu yake. Ustadi huo tuliupata katika nyimbo na ngano, tena tukiwa wadogo, wakati hatukujua kama tunajifunza kitu.

Chukua kisa cha paka huyo huyo. Katika mkusanyo wa hadithi alizokusanya mmisionari Edward Steere kule Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, kuna hadithi ya Sultani Majnuni. Paka wake anakula kuku, sultani ananyamaza. Anakula mbuzi, sultani ananyamaza, paka ni wake na mali ni yake. Mwishowe paka anageuka nunda mla watu na kuwala watoto wa sultani mwenyewe. Anayetoka kwenda kumwinda ni mtoto wa mwisho, yule anayedharauliwa kwa kukaa jikoni. Anaua mbwa, anamburuta mpaka nyumbani huku akiimba kumwambia mama yake kwamba nunda amekufa. Mama anamjibu kwa wimbo: huyo siye. Anarudi porini. Anaua ngawa, kisha fungo, kisha punda milia, twiga, faru, ndovu. Kila mara anaimba na kila mara mama anamkatalia.

Itazame hadithi hiyo kwa jicho la fundi. Nunda hajaelezwa sana. Hakuna ukurasa wa meno wala makucha. Ukubwa wake tunaupata kwa kuhesabu wanyama ambao si yeye: kama ndovu si nunda, basi nunda ni nini? Wimbo ndio kipimo. Tena watoto wanaosikiliza wanauimba pamoja na msimulizi, na wakifika kwa faru wanajua jibu la mama kabla hajalitoa. Sasa, siku nunda mwenyewe anapoletwa na jibu linabadilika, ukumbi mzima unatikisika kwa neno moja tu. Mwandishi anayetumia kurasa thelathini kueleza mnyama wake wa kutisha hapati hata robo ya mtikisiko huo.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalompa mtu ni hili. Andika kwa ufupi matukio ya riwaya yako. Tafuta jambo linalorudi angalau mara tatu: swali, safari, mlango, kiapo, hata namna ya kusalimiana. Kama halipo, hiyo ndiyo sababu hadithi yako inahisiwa kama msururu wa ajali. Kama lipo, jiulize linabadilika wapi, na kama mabadiliko hayo yamekaa mahali ambapo msomaji ameshaanza kuitikia.

Shaaban Robert alilijua jambo hili barabara. *Kusadikika*, iliyotoka mwaka 1951, ni habari ya nchi inayoelea angani, na ukiivua mavazi utakuta mifupa ya ngano ya kuimbwa. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, Mashariki na Magharibi, Kaskazini na Kusini, hadi Mbinguni na Ardhini. Kila mjumbe anapata taabu, anarudi na mashauri mema, na anatupwa gerezani. Mara sita. Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba kitabu kinajirudia, nami nadhani wanakisoma kwa macho peke yake. Kule kurudia ndiko kunakomfanya mfalme, na sisi pamoja naye, tuchoke na dhuluma, mpaka hukumu ya mwisho inapofungua milango ya gereza na kiitikio kinageuka.

Mwandishi huyo huyo alikuwa mshairi kwanza, na ndiye aliyeandika *Wasifu wa Siti Binti Saad*, habari za yule mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, akaja mjini Unguja akiuza vyungu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Mtunzi wa nchi ya angani aliona inafaa kukaa chini na kuandika maisha ya mwimbaji. Na katika *Adili na Nduguze*, ya mwaka 1952, ambayo mifupa yake imetoka katika Alfu Lela Ulela, manyani wawili wanachapwa kila usiku bila msomaji kuambiwa kwa nini. Usiku baada ya usiku, fimbo baada ya fimbo. Ndiyo ngoma ya hadithi hiyo.

Hapa kuna mtu atasema: mimi sijui kupiga hata filimbi, sauti yangu inafukuza kuku. Haidhuru. J. R. R. Tolkien, ambaye vitabu vyake vimezaa nusu ya miswada niliyoitaja mwanzo, alifundishwa piano na mama yake utotoni na hakufika popote. Muziki kwake ulihamia katika maneno. Karibu na nyumba yao Birmingham yalikuwa yakipita mabehewa ya makaa ya mawe yaliyoandikwa majina ya mahali kwa Kiwelisi, lugha ambayo mtoto yule hakuijua, na sura ya majina hayo ikamshika asiweze kuachana nayo. Alipokua akaunda lugha zake mwenyewe, kisha akatafuta watu wa kuzizungumza. Na mwanzo wa dunia katika *The Silmarillion*, kitabu kilichotoka mwaka 1977 baada ya kifo chake, ni kwaya: viumbe wa kwanza wanaimba mbele ya Muumba, mmoja wao anaingiza sauti yake ya kiburi na kuharibu uwiano, na uovu wote unaofuata unaanzia hapo. Mtoto aliyeshindwa piano aliumba ulimwengu kwa nyimbo.

Tolkien ana deni kwetu pia, na kisa chake ni kitamu. Mwaka 1939 alitoa mhadhara huko St Andrews, Uskoti, kuhusu hadithi za ajabu. Alipokuwa akichambua ipi ni hadithi ya ajabu na ipi siyo, alitaja ngano ya Waswahili: ile ya kima na papa. Unaijua. Kima anaishi juu ya mkuyu uliopo ufukweni, anamrushia papa matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamchukua mgongoni kwenda kwao, na katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wetu mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba laiti angeambiwa mapema, maana wao wakitembea mioyo yao huiacha mtini. Papa anamrudisha kuuchukua, na hadithi inaishia hapo kwa papa. Kisa hicho kilitoka kwa Steere kikaingia katika kitabu cha watoto cha Andrew Lang cha mwaka 1910, na Tolkien akakiondoa katika orodha yake. Kwake hiyo ni hadithi ya wanyama tu, na moyo ulioachwa mtini ni mzaha, kwani kima moyo wake alikuwa nao kifuani muda wote.

Sawa. Lakini mzaha huo ni mlango ulioachwa wazi. Chukua uongo wa kima uufanye kuwa kweli. Fikiria mji wa pwani ambao kila anayesafiri baharini lazima auache moyo wake kwenye mkuyu wa ukoo. Nani anailinda mioyo hiyo wakati wenyewe wako Muskati? Mlinzi analipwa nini? Mfanyabiashara anayeuza na kununua bila moyo kifuani, anaaminika? Mke aliyebaki anaweza kwenda usiku kusikiliza kama moyo wa mumewe ungali unapiga sawasawa? Na mti ukikatwa ili kupisha barabara? Hapo pana riwaya nzima, na haihitaji joka hata moja. Ninapowashauri watu warudi kwenye ngano walizosikia, nina maana hii. Usizisimulie upya kwa kuzivalisha nguo mpya. Tafuta ndani yake uongo, kiapo, tishio au mzaha ambao mtoto aliusikia na kuuamini, kisha uishi nao kwa ukali wa mwanasheria.

Mlinzi wa mioyo, bila shaka, angekuwa na wimbo. Lakini nyimbo ndani ya riwaya ni jambo la kuangaliwa sana, maana wasomaji wengi huruka beti. Kanuni yangu ni kavu: ukiutoa wimbo na hadithi ikasimama, utoe. Wimbo ubaki pale tu unapofanya kazi ambayo maneno ya kawaida hayawezi. Pwani kuna ngano ya binti aliyenaswa na zimwi na kutiwa ndani ya ngoma. Zimwi linazunguka vijijini, ngoma inaimba kwa sauti tamu, watu wanalipa chakula, hadi siku wanafika kwa wazazi na mama anaitambua sauti ya mwanawe. Jaribu kumwokoa binti huyo bila wimbo. Huwezi. Wimbo ni kifungo chake, ndio biashara ya zimwi, na ndio ufunguo.

Jirani zetu wamekwenda mbali zaidi. Amos Tutuola wa Abeokuta, aliyekulia katika ngano za Kiyoruba na akafanya kazi ya utarishi katika ofisi ya serikali Lagos, katika *The Palm-Wine Drinkard* ya mwaka 1952 aliwafanya Ngoma, Wimbo na Dansi kuwa watu watatu wanaotembea. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipokuwa mahabusu katika gereza la Kamiti, aliandika *Caitaani Mũtharaba-inĩ* kwenye karatasi za msalani. Riwaya hiyo, ambayo kwa Kiswahili ni *Shetani Msalabani*, ina mashindano ya wezi na wanyang'anyi yanayotangazwa kwa jina la Shetani. Nani anaisimulia? Mpiga gĩcaandĩ, yule malenga wa Kikuyu mwenye kibuyu kilichochorwa mafumbo. Na mmoja wa wahusika wakuu, Gatuĩria, ni mtunzi wa muziki anayehangaika kutafuta sauti ya nchi yake. Ngũgĩ alieleza mara nyingi jinsi hadithi za jioni kando ya moto zilivyomlea. Alipotaka kusema mambo ambayo uhalisia ulikuwa umechoka kuyabeba, alimwita msimulizi mwenye ala mkononi.

Basi kabla ya kuchora ramani, jibu maswali ya muziki. Nchi yako inaomboleza kwa ala gani? Ngoma ipi hairuhusiwi kupigwa, na ni nani pekee mwenye haki ya kuigusa? Haya hayahitaji kubuniwa hewani. Katika miji ya Lamu na Pate siwa ilikuwa alama ya utawala, si baragumu la kuchezea: ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba. Buganda ina ngoma zake za kifalme, Mujaguzo. Ukishajua kwamba mamlaka ya nchi yako yamo ndani ya ala fulani, tayari unajua wizi gani utaanzisha vita. Mmarekani Ursula K. Le Guin, binti wa mwanaanthropolojia aliyekuwa akiwasimulia wanawe ngano za wenyeji wa Marekani, alilichukulia jambo hili kwa uzito hata *Always Coming Home*, riwaya yake ya mwaka 1985, ikauzwa pamoja na kaseti ya nyimbo za watu aliowabuni.

Naona mtoto wa Kariakoo au Eastleigh ananung'unika: bibi yangu alikaa mbali, hakuna moto niliokaa kando yake. Lakini hukulelewa kimya. Ulisikia kipindi cha *Mama na Mwana* cha Redio Tanzania, au mama yako alikisikia akakupa makombo. Ulisikia kasida za maulidi, kwaya ya Jumapili, taarabu ikitoka dirisha la jirani, filamu za Kihindi ambazo watu wazima walizililia. Zaidi ya yote, kama ulikua wakati wa wanamuziki wa Kongo Franco na Tabu Ley au karibu yake, uliimba Kilingala kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kujua unasema nini. Hiyo ni hazina. Kujua kwa moyo maneno usiyoyaelewa, na kuhisi kwamba yana maana kubwa iliyojificha, ndiyo hali hasa anayoitafuta mwandishi wa fantasia. Rudi kaandike maneno ya wimbo ule jinsi ulivyoyasikia utotoni, makosa yote yakiwemo. Makosa hayo ni lugha ambayo hakuna mwingine anayo.

Majina nayo yanatokana na sikio. Jina lenye konsonanti nne zilizosongamana huenda likapendeza katika filamu, lakini Mswahili akilisoma kwa sauti atajikwaa, na akijikwaa mara mbili ataanza kuliruka. Liite jina hilo kwa nguvu kama mtu anayemwita mtoto kutoka ng'ambo ya uwanja. Likikataa kubebwa na upepo, libadilishe. Shaaban Robert alichagua majina yenye maana wazi: Karama, Majivuno, Hasidi. Leo mtindo huo unaweza kuonekana mzito, ila hakuna anayeyasahau.

Kuhusu kukusanya. Ukienda kwa bibi, babu au shangazi, usimwambie unataka hadithi, maana atakupa funzo na kuikatiza. Mwombe wimbo uliokuwa ndani ya hadithi. Wimbo hukaa kichwani muda mrefu kuliko matukio, na akishaanza kuuimba, matukio hujileta yenyewe. Mrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Usimsahihishe akichanganya sungura na kima. Muulize watoto walikuwa wakiitikia nini, na walikuwa wakiogopa wapi. Usipuuze nyimbo za kubembeleza: sikiliza vitisho vilivyomo, uone jinsi sauti laini inavyobeba fisi na zimwi ili mtoto alale. Kusema jambo la kutisha kwa upole ni ufundi ambao riwaya nyingi za fantasia hazina. Nyimbo za michezo ya watoto pia, zile za kuzunguka duara, zina sheria kali kuliko katiba: ukikosea neno, umetoka.

Wazazi nina machache ya kuwaambia. Mtoto akitaka hadithi ile ile kwa mara ya kumi, mpe, tena kwa maneno yale yale, maana atakukamata ukibadilisha. Mwache aimbe wimbo wa zimwi njia nzima mpaka shuleni. Na tafadhali, mkimaliza hadithi msimuulize imetufundisha nini. Swali hilo lina mahali pake katika mtihani, na hata huko sina hakika. Mtoto aliyezoea kwamba kila nunda ni somo la utii hatamwona nunda tena, na akija kuandika atatuletea mahubiri yenye mkia.

Kwa mwandishi aliyeshaanza, jaribio ni moja. Chukua sura ya kwanza, uwasomee watu kwa sauti: watoto wa mtaani, abiria wa safari ndefu, yeyote asiye rafiki yako wa kuandika. Usieleze kitu kabla. Shika penseli. Penye mstari unaokukata pumzi, weka alama. Sentensi hiyo ni ndefu au imetafsiriwa kichwani kutoka lugha nyingine. Mahali wanapoanza kutazama simu, weka alama nyingine. Mara nyingi ni pale ulipoanza kueleza historia ya ufalme. Na mahali ambapo mmoja wao amelisema neno kabla hujalitamka, usipaguse. Hapo rudi nyumbani ukatafute sehemu nyingine mbili za kitabu ambako neno hilo linaweza kusemwa tena, na sehemu moja ambako watalingoja nalo lisije.